Wimbo wa Aliye Njiani

2 Oktoba

Mwalimu wangu,

Na hilo la kwamba baada ya wiki nitakuwa nimezoea, sikubali, hata kama ulilisema ukiwa umeshapanda ngazi ya basi na sikupata nafasi ya kukujibu. Leo ni siku ya tisa. Sijazoea kitu. Jana nilitia chumvi kwenye mchuzi mara mbili, na Bibi akauliza kama nimeolewa na mwalimu au na bahari. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu yakaendelea kutoka kwa sababu nyingine.

Nafurahi tulivyokubaliana kwamba simu iwe ya dharura tu. Simu haiwekeki chini ya mto. Fundi mwenzangu pale dukani anasema ndoa ya miezi miwili ndiyo inayoandika barua, ya miaka miwili inatuma salamu, ya miaka ishirini inauliza tu utarudi lini na ufunguo uko wapi. Nimemwambia yetu itaandika mpaka tuote mvi.

Nimewaambia wateja wote kwamba mume wangu ameitwa chuo kikuu kutunga muziki wa mahafali, tena kutokana na nyimbo za huku kwetu, zile wanazoimba watu wanaotwanga na kufua. Mama mmoja aliyeleta sare za watoto kupunguzwa aliniuliza, "Kwani nyimbo hizo nazo zinasomewa?" Nikamwambia zinasomewa, na zitavaa joho.

Bibi anakusalimu kwa kejeli zake. Anasema wewe ni mume wake, mimi nimekuazima tu. Nilipokwambia kwamba nitahamia kwake mpaka urudi, nilidhani mimi ndiye nitakayemtunza yeye. Kumbe ndiye anayenitunza. Asubuhi nikiamka nakuta amekwisha fagia, amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anaimba ule wimbo wa kumsindikiza msafiri. Ule niliokuimbia kwenye kinasa sauti chako wiki ya harusi, huku unanitazama hivi mpaka nikasahau noti. Unajua Bibi anausimamisha wapi. Pale pale kila siku, kama mtu aliyeitwa nje.

Niandikie unalala wapi, unakula na nani, na kama kuna mwanamke yeyote kwenye hiyo kwaya mwenye sauti nzuri kuliko yangu. Ukisema yupo nitakuja na mkasi.

Wako, wako, wako,
Chiriku

8 Oktoba

Chiriku wangu,

Weka mkasi chini. Kuna sauti nzuri kumi na mbili, na zote zinaogopa mitihani kuliko zinavyoniogopa mimi.

Chumba changu kina kitanda, meza na ndoano moja ya kutundikia koti. Kazi naifanyia ghorofa ya pili ya jengo la zamani, kwenye chumba cha muziki chenye piano ambayo funguo zake tatu hazitoi sauti. Nimejifunza kuziruka. Jengo linatunzwa na mzee mmoja mwenye kishada cha funguo kiunoni. Wanafunzi wanamwita Mzee Funguo, na yeye anaitikia.

Sasa nikueleze lililotokea. Kamati ya mahafali imekataa tungo zangu mbili za kwanza. Walisema ile ya ngoma inawafanya watu watake kucheza, na wahitimu wanatakiwa watembee. Ile ya pili walisema inafanana na ya kila chuo. Nilirudi chumbani nimenywea. Nikaweka kanda yako, si kwa ajili ya kazi, kwa ajili yangu. Madirisha yalikuwa wazi, wanakwaya wakaingia mmoja mmoja, wakakaa sakafuni. Ulipokatiza pale, wote walibaki wameinamisha vichwa mbele kidogo, kama watu waliokosa ngazi gizani.

Ndio huo, Chiriku. Kamati wameusikia na wameukubali. Wahitimu wataingia na wimbo wako. Ni kazi yangu ya kwanza kubwa, na umenipa wewe.

Lakini wimbo hauna mwisho, na maandamano lazima yafike. Mhitimu wa mwisho akikaa, muziki unatakiwa ukae naye. Nimejaribu kuumalizia mwenyewe mara sita na kila mara unasikika kama kiraka. Muulize Bibi. Lazima mwisho upo. Mwambie mume wake anamwomba.

Nakupenda kuliko ninavyojua kuandika.

Mwalimu

13 Oktoba

Mwalimu wangu, mtunzi wangu, mume wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nimekaa, na mara ya tatu nikiwa nimejifungia stoo katikati ya vitambaa ili nipige kelele. Wimbo wangu utaingiza wahitimu. Mimi niliyeishia kidato cha nne nitaingia chuo kikuu kabla yao, kwa sauti.

Nakuletea mwisho. Bibi ametoa. Nimeuandika kwa zile herufi za do-re-mi tulizofundishwa kwenye kwaya ya shule, ziko kwenye karatasi ndogo. Usiicheke hati yangu, nimeiandikia juu ya cherehani. Maneno yake ni haya:

Amefika, amevua viatu.

Hiyo sauti ya mwisho inashuka kidogo, halafu inatulia. Usiifanye ipande. Inashuka kama mtu anayekaa.

Ngoja nikueleze ili uwaeleze wanafunzi wako. Wimbo huu unaimbwa na anayebaki. Mtu akisafiri, unamwimbia mistari ya mwanzo, *Nenda, nenda, njia ni yako, mimi nabaki na unyayo wako*, na unaendelea kuiimba kila siku. Mstari wa mwisho unawekwa akiba. Unaimbwa siku inapoletwa habari kwamba amefika. Bibi hajauimba kwa sababu ya mjomba wangu, kitinda mimba wake, aliyekwenda kusoma kabla sijazaliwa na hakurudi. Nyumbani tunasema yuko njiani. Watu wengine wanasema alivuka mipaka akaoa huko. Mimi sijui, na Bibi haulizwi.

Lakini kwa ajili yako ametoa. Hivyo ndivyo unavyopendwa katika nyumba hii.

Wako mwenye kiburi leo,
Chiriku

20 Oktoba

Chiriku,

Nisome polepole.

Jumatano tuliimba mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Mstari uliingia kama mlango kwenye fremu yake, sikubadilisha noti hata moja. Wanakwaya walifurahi. Lakini nyuma ya ukumbi kulisikika kishindo cha chuma sakafuni. Mzee Funguo alikuwa ameangusha kishada chake chote. Hakukiokota. Alitoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Kesho yake mchana alikuja nikiwa peke yangu. Hakukaa. Aliniuliza nani amenipa ule mstari, nikasema mke wangu, amepewa na bibi yake. Akanipeleka kwenye stoo iliyo chini ya ngazi, ambako kuna masanduku ya kanda za zamani. Kumbe kulikuwa na mwalimu wa muziki, miaka mingi iliyopita, aliyewaomba wanafunzi kutoka kila upande waimbe nyimbo za kwao. Mzee alivuta kanda moja bila kusoma jina, kama mtu anayejua kitu chake kilipo.

Ni kijana. Ana sauti nyepesi, ya kuchekacheka. Anaimba wimbo wako. Na anaumaliza, Chiriku. Maneno ni yaleyale. Noti ni zilezile, hata ile ya kushuka. Baada ya kusema amevua viatu, zinasikika bu, bu, mbili. Amevua viatu vyake kweli, kwa mzaha, na kuviangusha sakafuni. Halafu watu wanacheka.

Nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa. Sasa nikipanda ngazi za jengo hili naona kama kuna mtu aliyetangulia bila viatu.

Kabla ya kuimba anasema mwaka wake wa masomo, na kwamba kwao anaitwa Kitinda.

Niambie ukweli. Bibi alikupa mstari huu lini, na alikuwa na sura gani alipokupa? Mzee Funguo ana mengine ya kusema. Nataka niyasikie vizuri kwanza.

Mwalimu

25 Oktoba

Mume wangu,

Bibi hakunipa.

Nilimwuliza, akaniambia mwisho bado, akageukia dirishani. Nami nilikuwa na barua yako mfukoni, umeandika kwamba kiraka chako kinasikika. Sikutaka ushindwe. Nilikaa kwenye cherehani na sare ya mtoto, nikakufikiria unavyoingia ndani, jinsi unavyovua viatu kabla hata hujaniita, na ule mstari ukaja. Ulikuja wote, na maneno yake. Nilidhani nimeutunga. Nilijipongeza. Nilikudanganya kwa sababu nilijua usingeukubali kutoka kwangu, ungesema tusubiri wa kweli.

Sasa niambie wewe uliyesoma muziki. Inawezekanaje mtu akatunga kitu kilichokwisha imbwa na mtu asiyemjua, mpaka ile ya kushuka? Tangu barua yako ifike siwezi kushona. Cherehani ikizunguka inauimba. Fundi mwenzangu amenituliza, anasema labda nina mimba. Sina. Nina mjomba.

Na jingine nililokuficha. Siku ile ile nilipoutunga, nilirudi nyumbani nikiuvumisha bila kujua. Bibi alikuwa anachambua mchele. Aliinua uso akauliza, "Nani kakufundisha huo?" Nikasema hakuna. Akarudi kwenye mchele wake, na siku mbili hakuimba kabisa. Nyumba ilikuwa nzito.

Lakini sikiliza, mpenzi. Kitinda ni yeye. Ni mjomba. Kwa hiyo alifika chuoni, aliimba, alikuwa anacheka. Huyo mzee anamjua. Basi atakuwa anajua alikokwenda. Labda yuko mji huo huo, mtu mzima, ana watoto, anaona aibu kurudi. Mwambie asione aibu. Mwambie mama yake anafagia kabla ya jua kutoka kwa ajili yake.

Siwezi kukaa na jambo hili. Ulimi unaniwasha. Jumapili nitamwambia Bibi kwamba mwanawe amepatikana. Nisamehe uongo wangu, wote nitaulipa kwa kumletea furaha hii.

Chiriku wako

29 Oktoba

Chiriku, mke wangu,

Usimwambie Bibi. Barua hii ikikuta hujasema, usiseme, ningoje. Nimejaribu kupiga simu tangu asubuhi, laini ya dukani haishiki.

Katika barua iliyopita nilikuficha, nilikuwa bado sijaamini. Mjomba wako alifariki hapa. Ilikuwa homa. Alikuwa mwaka wa tatu, zilibaki wiki nne afanye mahafali yake mwenyewe. Mwaka huo wewe ulikuwa mtoto wa kubebwa. Chuo kiliandika barua nyumbani, nakala iko kwenye jalada na nimeiona kwa macho yangu. Walisubiri. Hakuja mtu. Mzee Funguo, wakati huo alikuwa mfagiaji kijana, alimzika pamoja na wanafunzi watatu kwenye makaburi ya nyuma ya hospitali. Anasema joho lake alilokwisha kupimiwa lilirudishwa stoo na kuvaliwa na mwingine.

Nilimwuliza kwa nini aliukumbuka mstari. Akasema siku ya kurekodi alikuwa pale anapiga deki. Mwalimu wa wakati ule alitaka wimbo mzima. Kijana akacheka, akasema, "Mama akisikia atanichapa. Msafiri hajiimbii kufika." Kisha akajiimbia. Mzee anaamini hilo ndilo lililomuua. Mimi siamini. Lakini nimeacha kuisikiliza kanda.

Ratiba imekwisha chapishwa na jina la wimbo liko juu. Hilo lisikusumbue. Bibi akisema neno moja, nitauondoa na nitawaambia kamati nimeshindwa. Nitatunga mwingine au nitarudi mikono mitupu. Sitawatembeza watu juu ya huzuni yake.

Mume wako

4 Novemba

Mwalimu wangu,

Barua yako imefika leo. Nilimwambia Jumapili.

Nilimwandalia chai, nikavaa lile gauni la harusi la siku ya pili, unalolipenda, nikapiga magoti mbele ya kiti chake nikasema, Bibi, Kitinda amepatikana, sauti yake iko chuoni kwenye kanda, anaimba na anacheka. Nilikuwa natabasamu. Nikikumbuka uso wangu wa siku ile natamani niuvue.

Bibi hakulia wala hakuuliza yuko wapi. Alisimama, akaenda kwenye sanduku lake la nguo, akapekua mpaka chini kabisa, akarudi na bahasha. Ina muhuri wa chuo. Ilikuwa imefunguliwa na kukunjwa mara nne, mpaka mikunjo imekaribia kukatika. Akaiweka mapajani mwangu akasema, "Wewe umesoma. Soma."

Nilisoma kwa sauti, maana ndivyo alivyotaka. Mistari saba tu. Tunasikitika kuwaarifu. Nilipofika hapo nilikwama, naye akanisubiri kama mwalimu anavyomsubiri mtoto, mpaka nikaendelea.

Kumbe Babu, Mungu amrehemu, alisomewa barua ile na karani wa posta, akarudi nayo akamwambia Bibi kwamba mitihani imesogezwa mbele. Bibi aliiona mikono yake inavyoikunja. Hakuuliza. Babu alipokufa aliikuta ndani ya koti lake na hakumpa mtu yeyote aisome. Miaka yote hiyo, Mwalimu, yuko njiani kwa sababu hakuna aliyesoma mistari saba.

Nikamwambia yote kuhusu ule mstari, kwamba nilidanganya, kwamba nilidhani nimeutunga. Nilitegemea anifukuze. Aliuvuta mkono wangu akaweka mgongoni kwake, hapa chini ya shingo. Akasema, "Ulikuwa hapa."

Siku ile Babu aliporudi kutoka posta, Bibi alichukua ndoo, akanifunga mgongoni, akaenda kisimani. Huko hapakuwa na mtu. Akauimba mpaka mwisho, mara moja tu. Kisha akajuta, akaona amemzika mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe, akarudi nyumbani akaanza upya kutoka *nenda, nenda* na hakuvuka tena. Alidhani mimi nimelala.

Kwa hiyo sikutunga kitu. Nilikuwa nimeubeba tu, kama nilivyobebwa.

Sasa amelala. Amesema kesho kutwa atasema anachotaka na mimi nitaandika, nisiongeze wala nisipunguze. Sijui atasema nini kuhusu wimbo wako. Lolote atakalosema, ulilala kwenye moyo wangu ulipoandika kwamba utarudi mikono mitupu. Mikono mitupu ndiyo ninayoitaka.

Chiriku

6 Novemba

Mume wangu wa kuazima,

Ninasema, huyu anaandika. Nimemwambia akiweka maua yake humu nitayasikia, maana atakuwa anasoma kwa sauti kila mstari. Kwanza ujue umeoa mwongo. Nimempiga na kitambaa cha jikoni, si sana. Wewe malizia ukija.

Umeuliza kama uuondoe wimbo. Usiuondoe. Watoto watakaoingia hapo wana mama zao wamekaa kwenye viti. Wamefika. Waimbiwe kwamba wamefika, mpaka mwisho, na usimruhusu mtu yeyote kwenye kamati yako aukate katikati kwa ajili ya hotuba.

Na yule mzee wa funguo mwambie aache hiyo fikra yake. Mwanangu hakufa kwa kuimba. Alikuwa na mzaha tangu akiwa mdogo, viatu vyake nilikuwa navikwaa kila mlango. Alifika mahali, akasema mwenyewe kwamba amefika kwa sababu mimi nilikataa kusema. Kosa ni langu na la marehemu babu yenu. Tulimwacha barazani kwa watu miaka ishirini na tatu. Mtu aliyemzikia mtu mwanawe haitwi mzee wa funguo. Mimi nitamwita kaka, akubali asikubali.

Usinitumie hiyo kanda. Huyu anataka niisikie hapa, analia, anasema itanituliza. Sitaki kutulizwa. Nitaisikia ndani ya chumba alichoimbia, na hivyo vishindo viwili nivisikie kwenye sakafu yake.

Siku ya mahafali usinikalishe na wageni wa mbele. Mimi sina mhitimu. Nitafutie kiti cha nyuma, karibu na pale huyo kaka anaposimama. Mkifika kwenye ule mstari mimi sitaimba na nyinyi. Ninyi imbeni wa watoto wa watu. Wa kwangu nitauimba asubuhi yake, huko nyuma ya hospitali, kwa sauti ninayoitaka, na mjukuu wangu atasimama kando na safari hii atakuwa macho.

Mwulize kaka kama bado anapajua mahali penyewe. Kama majani yameota, wasifyeke, waniachie. Fundi huyu ameshaomba ruhusa kazini na ameshakunja gauni mara tatu kwa ajili yako, mimi nina begi moja tu. Tuangalie kwenye basi la saa nne. Tunakuja kabla mwezi huu haujaisha.

Bibi yako